Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka: Usikimbilie kubadilisha pampu

Gari limetoka Bukoba asubuhi bila shida. Limepita Kyetema, limepita Kemondo, lakini likikaribia Muhutwe injini inazima ghafla. Dereva anapiga starta, inazunguka vizuri, gari haliwaki. Abiria wanashuka. Baada ya nusu saa, fundi akiwa bado njiani, dereva anajaribu tena na gari linawaka kama vile halikuwa na tatizo.

Fundi akifika hana cha kuona. Anakisia pampu, inabadilishwa. Wiki inayofuata gari linazima tena.

Wenye Carina, Corolla na Noah za miaka ya 1990 wanaijua hali hii. Pesa nyingi huishia hapa, kwa sababu spea hununuliwa kwa kubahatisha gari likiwa limeshapoa. Ugonjwa wa aina hii huonekana katika dakika chache tu baada ya gari kuzima. Likipoa, ushahidi umepotea.

Joto linatoka wapi?

Bukoba si mji wa jua kali, mchana joto huwa kama nyuzi 26. Kwa hiyo wengi hawaamini kwamba tatizo ni joto. Lakini joto linalohusika ni la injini yenyewe, hasa gari likiwa limebeba mzigo na kupanda milima kwa gia ndogo, kama kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu.

Kuna jambo jingine. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni nyingi husimama. Kwa dakika kadhaa, joto lililo ndani ya chuma hupanda na kuenea kwenye waya na vifaa vya jirani. Ndiyo maana gari linaweza kufika Kemondo salama, dereva akashuka kununua ndizi, akirudi haliwaki.

Kwanza, limechemsha au halijachemsha?

Dereva aangalie geji ya joto kabla ya kitu kingine. Ikiwa mshale umepanda juu, tatizo ni la kupooza injini: maji yamepungua, rejeta imeziba, feni haizunguki, themostati imekwama au gasketi imeungua.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi karibu 96, si 100. Mfuniko mzima hubana presha ili maji ya rejeta yasichemke mapema. Uliolegea hauwezi. Lakini usifunguliwe injini ikiwa ya moto, maji huruka na kuunguza uso.

Ikiwa mshale uko sehemu yake ya kawaida, gari halijachemsha. Kuna kifaa kimoja kinachokataa kufanya kazi kikipata joto.

Limekosa moto au limekosa mafuta?

Injini ya petroli ikizima hivi huwa imekosa kimoja kati ya viwili: moto wa plagi au mafuta. Namna ilivyozima inatoa dalili ya kwanza.

Ikizima ghafla kama mtu amezungusha swichi, na mshale wa mizunguko ya injini ukaanguka hadi sifuri gari likiwa bado linatembea kwenye gia, upande wa moto wa plagi ndio wa kushukiwa. Ikianza kukosa nguvu, ikashtuka-shtuka kisha ikafa, mafuta ndiyo yashukiwe.

Kisha ipimwe palepale, kabla haijapoa:

- Moto: fundi achomoe waya wa plagi moja, aweke plagi ya akiba, aigusishe kwenye chuma cha injini akiishika kwa koleo yenye mpira, mwenzake apige starta. Cheche za bluu zenye nguvu maana yake moto upo. Kipimo hiki kisifanyike palipo na harufu ya petroli.
- Mafuta: mmoja apige starta, mwingine asikilize kwenye tenki. Kwenye Toyota nyingi za zamani pampu huanza kuvuma starta inapozunguka. Kimya kabisa maana yake pampu, rilei yake au umeme unaoifikia.

Vinavyoshukiwa zaidi

Moto ukikosekana, washukiwa ni koili, ignita na sensa ya krenki. Ndani ya koili na sensa kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukiwa na ufa, joto huutanua na kuuachanisha, ukipoa unagusana tena. Kwenye injini za Toyota kama 5A na 7A, baadhi ya vifaa hivi vimekaa kwenye distributa, vimebanana na joto la injini. Fundi mwenye mita avipime vikiwa vya moto, kisha vikiwa vimepoa. Namba zikipishana sana, au mita ikionyesha waya umekatika, jibu limepatikana.

Mafuta yakikosekana, pampu ya ndani ya tenki hupoozwa na petroli inayoizunguka. Dereva anayeweka mafuta ya elfu kumi kila siku huiacha pampu ikifanya kazi karibu kavu, na pampu iliyochoka huzidiwa mapema. Kabla ya kununua nyingine, rilei ipimwe pia, kwani bei yake ni ndogo.

Kwa magari ya kabureta, petroli yenyewe huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililopita karibu na injini. Kitambaa kibichi juu ya bomba na pampu kikiliwasha gari, bomba lisogezwe mbali na joto.

Likizima mlimani

Injini ikizima, usukani huwa mzito na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Dereva akanyage mara moja kwa nguvu bila kuachia, asichomoe ufunguo kwa sababu usukani unaweza kujifunga, asogee pembeni, avute breki ya mkono na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Abiria washuke upande usio wa barabara, na viakisi viwekwe mbali na gari.

Baada ya hapo aandike mambo manne ya kumwambia fundi: limetembea muda gani, mshale wa joto ulikuwa wapi, limezima ghafla au taratibu, na limechukua dakika ngapi kuwaka tena. Majibu hayo ni bure, na yanaweza kuokoa bei ya pampu isiyohitajika.