Kuridhika na Maisha: Je, Swali Moja Husikika Sawa kwa Wote?

Mwaka 1985, Ed Diener na wenzake watatu walichapisha nchini Marekani kipimo kifupi cha kuridhika na maisha. Kina kauli 5 tu. Kila moja hupewa alama kuanzia 1 hadi 7, hivyo jumla huwa kati ya 5 na 35. Hakihitaji mashine wala maabara, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi.

Ugumu huanza kinapofikishwa mahali kama Kansay, wilayani Karatu. Wakazi wengi wa huko ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, mbali na Kiswahili kwa asili na kwa muundo. Kijana aliyemaliza sekondari hulisoma dodoso la Kiswahili mwenyewe. Bibi yake husomewa, na huenda akalifasiri kichwani kwa Kiiraqw kabla ya kujibu. Wote wawili wakipata 20, je, wamesema jambo moja?

Tulitazame neno lenyewe, kuridhika. Hubeba furaha ya aliyepata alichokitaka, na hubeba pia utulivu wa aliyeyakubali yaliyomfika. Mgonjwa wa kisukari aliyekatwa mguu aweza kusema ameridhika, akimaanisha kwamba hana la kufanya. Alama yake itapanda, na mhudumu ataona hakuna haja ya kumuuliza zaidi. Si ajabu: hata aliye kitandani huitikia "sijambo".

Ndiyo maana tafsiri nzuri, hata iliyorudishwa katika Kiingereza na kulinganishwa na asili, haitoshi. Watu wachache wa kila rika huombwa kwanza waeleze kwa maneno yao walichoelewa. Kisha majibu ya wengi hupimwa kwa hesabu, hatua kwa hatua: je, kauli zote 5 zinaungana kuwa jambo moja katika kila kundi? Je, kila kauli ina uzito uleule? Na je, watu wawili walioridhika kwa kiasi kimoja hutoa jibu moja, awe mwanamume au mwanamke, kijana au mzee? Hatua hii ya tatu ikishindikana, wastani wa makundi haulinganishiki.

Katika nchi nyingi kipimo hiki kimesimama vizuri zaidi kati ya wanaume na wanawake kuliko kati ya rika au tamaduni. Kauli ya mwisho, inayouliza kama mtu angebadilisha kitu iwapo angeishi upya, husumbua mara kwa mara. Kijana ana machache ya kuyatazama nyuma. Mzee aweza kuona kwamba kujibu ni kumkosoa Mungu.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliotumia kipimo kingine, cha furaha, ukionyesha kwamba Wahadzabe, majirani wa Wairaqw katika eneo la Ziwa Eyasi, walijieleza kuwa na furaha kuliko Wapolandi. Habari tamu, lakini msomaji makini huuliza kwanza swali lilisikikaje pande zote mbili.

Kwa mgonjwa wa Kansay, si aibu kuomba swali lirudiwe kwa Kiiraqw. Mhudumu naye aandike, kando ya alama, lugha iliyotumika na nani aliyesoma.