Kamera Ndogo Isiyo na Kioo katika Huduma ya Vidonda na Ngozi: Tathmini kwa Vituo vya Mkoa wa Simiyu

Mgonjwa mwenye kidonda kisichopona huko Meatu au Itilima hafiki kwa daktari bingwa wa ngozi kwa siku moja. Hupita kwanza zahanati, kisha kituo cha afya, halafu Bariadi. Na akihitaji zaidi ya hapo hupanda basi kupitia Lamadi hadi Bugando jijini Mwanza, au hupelekwa mbali zaidi, Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa KCMC mwaka 1992. Ndiyo maana watoa huduma wengi wamezoea kutanguliza picha kwa simu. Picha hiyo huweza kuamua kama mgonjwa asafiri kesho, au aendelee kufungwa kidonda hapo alipo.

Nimepokea picha za namna hiyo kwa muda mrefu, na nyingi hazisomeki. Kidonda kimefunikwa na kivuli cha mpigapicha. Au rangi ya nyama imegeuka buluu kwa sababu ya turubai lililotundikwa dirishani. Au shuka limetokea vizuri huku kingo za kidonda zikiwa na ukungu. Kosa si la mhudumu peke yake. Simu hutengenezwa ili sura ya mtu ipendeze, hivyo hulainisha ngozi na kukoleza rangi bila kuulizwa. Kwa picha ya harusi hilo ni jambo jema. Kwa tabibu anayetaka kujua kama tishu ni nyekundu au imeanza kuwa nyeusi, ni upotoshaji.

Waganga wafawidhi huuliza kama inafaa kituo kinunue kamera. Makala haya yanajibu swali hilo kwa kutazama kamera moja, Canon EOS M50 iliyotoka mwaka 2018. Sikuichagua kwa kuwa ni bora kuliko zote, bali kwa sababu ipo lenzi yake moja inayofaa sana kazi yetu, nayo nitaieleza hapa chini.

Kamera isiyo na kioo ni nini

Kamera kubwa za zamani zina kioo ndani ambacho hupeleka mwanga kwenye jicho la mpigapicha, kisha huinuka picha inapopigwa. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, ambayo kioo hicho kiliondolewa. Mwanga ukawa unaangukia moja kwa moja kwenye kihisi, yaani kile kipande kinachobadili mwanga kuwa picha. Kamera ikawa ndogo. Faida kubwa zaidi kwa mhudumu wa afya, hata hivyo, ni kwamba skrini huonyesha kile ambacho kihisi kinakiona. Picha itakayokuwa na giza huonekana ina giza kabla ya kubonyeza kitufe.

M50 ina uzito wa takriban gramu 390 pamoja na betri na kadi. Hushikika kwa mkono mmoja, ingawa nashauri utumie miwili. Skrini yake hufunguka kando na kuzunguka, jambo linaloonekana dogo hadi siku utakapotaka kupiga picha ya unyayo wa mzee asiyeweza kulala kifudifudi: unaiteremsha kamera chini, unaigeuza skrini juu, na mzee anabaki ameketi. Ukigusa skrini mahali kilipo kidonda, kamera hulenga hapo hapo.

Udhaifu wake nao usemwe. Haikuzibwa dhidi ya vumbi wala maji. Lenzi ikishatolewa, kihisi hubaki wazi kwa kuwa hakuna kioo cha kukikinga. Na anayeijua barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, malori ya pamba yanapopita, ataelewa kwa nini nasema lenzi isibadilishwe nje ya chumba kilichofungwa. Ni afadhali kituo kiwe na lenzi moja isiyotolewa kabisa. Betri hupiga takriban picha 235 kwa kipimo cha watengenezaji, kisha huhitaji chaja yake ya ukutani, kwa maana M50 haichajiwi kwa waya wa USB. Zahanati inayotegemea umeme wa jua izingatie hilo na iwe na betri ya pili. Aidha, Canon imekwisha kuachana na familia hii ya kamera na kuhamia nyingine, ambamo iko R50 ya mwaka 2023. Kwa hiyo M50 utakayoipata mara nyingi itakuwa ya mtumba. Ikague lenzi yake mbele ya mwanga mkali. Kamera iliyokaa Pwani kwenye unyevu huweza kuwa na kuvu kati ya vioo, nayo huonekana kama nyuzi za buibui.

Lenzi, umbali na ukali wa picha

Lenzi niliyoitaja ni EF-M ya milimita 28 ya kupigia vitu vya karibu, iliyotoka mwaka 2016. Ina taa ndogo mbili zilizojengwa mbele yake, kuzunguka mdomo wa kioo, na upande mmoja waweza kuzimwa ili kivuli kidogo kionyeshe kama uvimbe umeinuka au umelala. Taa hizo husaidia kwenye kinywa na kwenye vidonda vidogo. Kidonda chenye majimaji hung'aa zikiwashwa, na hapo dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja hufaa zaidi.

Kihisi cha M50 kina upana wa milimita 22.3 na pikseli 6,000 kwa upana huo. Ukisimama mahali ambapo fremu nzima inachukua sentimita 22 za mguu, kila pikseli inawakilisha takriban milimita 0.04. Ni zaidi ya inavyohitajika kuona ukingo wa kidonda. Lakini picha hiyo hiyo ikitumwa kwa njia inayoipunguza ikabaki na pikseli 1,600, kila pikseli inabeba milimita 0.14, na programu ya kutumia ujumbe huongeza uharibifu wake kwa kuibana rangi. Itume kama faili la hati, si kama picha ya kawaida. Vinginevyo fedha ya kamera imepotea njiani.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Kisigino ni mviringo. Ukipiga kwa karibu, fremu ikiwa na upana wa sentimita 9, na tundu likiwa wazi kabisa kwa namba 3.5, sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina kisichofika milimita 3: katikati ya kidonda patasomeka, kingo zitapotea. Ukiliziba hadi namba 11, kina hicho hukaribia milimita 8. Picha za vidonda zipigwe kwa namba 8 au 11, na mwanga unaopungua ufidiwe kwa kusogea dirishani. Uso wa kihisi uwe sambamba na uso wa kidonda, na rula ya karatasi iwekwe kando yake, kwani bila rula hakuna atakayejua mwezi ujao kama kidonda kimepungua.

Rangi ya ngozi

Hapa ndipo kamera nyingi, za bei yoyote, huwakosea wagonjwa wetu. Kamera haijui inatazama nini. Hudhani kwamba kila kilichomo kwenye fremu, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kisha hupanga mwanga kufuata dhana hiyo. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, kamera huiona kama giza na kuing'arisha kupita kiasi. Sasa, uvimbe wenye maambukizi kwenye ngozi nyeusi hauonekani mwekundu kama vitabu vingi vinavyochora. Huonekana kama zambarau, au kahawia iliyokolea, au weusi uliozidi wa jirani. Picha ikishang'arishwa, tofauti hiyo ndogo hufutika, na tabibu wa mbali atajibu kwamba hakuna dalili ya uvimbe.

Kwa mtu mwenye ualbino mambo hugeuka. Ngozi yake hujaza fremu kwa weupe, kamera huipunguzia mwanga, na mabaka ya awali yatokanayo na jua, ambayo yalipaswa kushughulikiwa kabla hayajawa saratani ya seli bapa, huzama kwenye kijivu. Bandeji nyeupe iliyoachwa ndani ya fremu huleta kosa lile lile hata kwenye ngozi nyeusi.

Tiba yake ni gurudumu la kurekebisha mwanga. Kwa ngozi nyeusi inayojaza fremu, anza kwa kupunguza theluthi mbili za hatua hadi hatua moja. Kwa ngozi yenye ualbino, ongeza kiasi hicho hicho. Kisha tazama skrini na ulinganishe na mguu ulio mbele yako. Simu pia ina marekebisho haya, ila hujirudisha yenyewe kila mara na haimwachi mtu atulie. Kuhusu mizani ya rangi, piga kwanza picha ya kadi ya kijivu chini ya mwanga ule ule, uiambie kamera kwamba hiyo ndiyo rangi isiyo na upande. Kitambaa cha nyuma kiwe cha rangi moja kisichong'aa. Khanga zetu ni nzuri, lakini si hapa.

Je, kituo kinunue? Zahanati inayopeleka picha mbili kwa mwezi ijifunze kutumia vizuri simu iliyopo. Kituo chenye kliniki ya vidonda, ya kisukari au ya ngozi, kinachohitaji kulinganisha mguu ule ule mwezi hadi mwezi, kitanufaika na kamera. Iko sababu nyingine ninayoiona nzito kuliko ubora wa picha: kamera ni mali ya kituo, nayo hubaki kituoni. Simu ni ya mhudumu, na huenda naye nyumbani, sokoni na kwa fundi.

Ruhusa ya mgonjwa

Picha ya mwili wa mgonjwa ni taarifa binafsi, na inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Katika Kanda ya Ziwa ulinzi huo una uzito wa pekee. Kufuatia mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa mikoa hii kuanzia katikati ya miaka ya 2000, familia nyingi zina haki ya kuogopa kamera. Picha ya mgonjwa mwenye ualbino isionyeshe uso isipokuwa ugonjwa uko usoni, isiandikwe jina la kijiji, na isibebe alama ya mahali. M50 ikiunganishwa na simu huweza kuandika ndani ya faili mahali ilipopigiwa picha. Zima kipengele hicho.

Ruhusa iombwe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na kwa wazee wengi wa Bariadi lugha hiyo ni Kisukuma. Maneno yawe machache: "Mayu, naomba nipige picha ya kidonda hiki tu, uso hautaonekana. Ataiona daktari wa Mwanza. Ukikataa, utatibiwa vilevile." Nawe mgonjwa unayesoma makala haya, unaweza kuomba uonyeshwe picha kabla haijatumwa. Skrini ya kamera hii hugeuka ikamtazama anayepigwa picha. Mhudumu aigeuze, na ukitaka ifutwe, aifute ukiona.