Rangi Yang'aa, Chesisi Yaliwa

Nyeupe ya Land Cruiser, ile ya magari ya hospitali, mashirika na watalii, hutokana na titani, na titani tumeichimba hapa Kwale. Kuanzia shehena ya kwanza ya Februari 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium huko Msambweni ulitoa ilmenaiti na rutaili kwa malori hadi Likoni, kisha melini. Viwanda vya ng'ambo huyageuza madini hayo kuwa unga mweupe wa rangi. Huenda basi gari linalopita Kona ya Musa kuelekea Lunga Lunga limepakwa mchanga wetu wenyewe.

Rangi hiyo ndiyo wenye magari wanayoilinda kwa pesa nyingi. Lakini sijaona gari la pwani lililokufa kwa sababu ya rangi. Huku gari huuawa na chumvi, nayo huanzia chini.

Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi mbali na ufuo, na chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata kiangazi. Chesisi ya gari la nguvu ni boksi lenye uwazi ndani. Mchanga wa Galu na tope jekundu la Shimba Hills huingia humo, huziba matundu ya kutolea maji, na kutu hula kutokea ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Fundi mmoja wa hapa Kona ya Musa aliwahi kuigonga chesisi ya Prado kwa bisibisi mbele yangu. Bodi ilikuwa inameta. Mwenyewe alikuwa ametoka kulipia kupakwa seramiki siku chache nyuma. Bisibisi ikazama hadi mpinini. "Mzee wangu," fundi akamwambia, "hapa umebaki na karatasi."

Seramiki si uongo. Ni utando mwembamba mgumu juu ya vanishi, hufanya maji na vumbi viteleze na hupunguza makali ya jua. Ila haizuii kokoto za barabara ya Kinango, wala haifiki kwenye chesisi. Kokoto huzuiwa na plastiki angavu ya kubandika, nayo ni ghali; mimi ningeiweka kwenye boneti na nyuma ya magurudumu tu, pesa iliyobaki iende chini ya gari.

Na huko chini kazi ni ya jasho kuliko ya pesa. Osha kwa maji ya presha, zibua matundu, liache likauke kabisa, ndipo fundi apulizie nta ndani ya chesisi. Muulize kijana wa kuosha magari maji yake ni ya wapi, maana visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na yakikaukia juani huacha madoa meupe juu na kuongeza balaa chini. Sabuni ya unga huondoa nta yote. Kitambaa kikavu juu ya mchanga huchora rangi. Oili chafu, ambayo wengi bado hupaka kuzuia kutu, huharibu mipira na hudondokea kwenye ardhi hiyo hiyo tunayochotea maji. Hilo naomba tuliache.

Anayeagiza gari Japani, ambalo kwa kanuni ya Kenya halipaswi kuzidi miaka 8, achunguze pia lilikotembelea. Kaskazini mwa nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi mpya, uliza inaficha nini.

Na si kutu tu inayojificha: gari hilo hilo linaweza kufika na ramani yenye anwani ya nyumbani kwa mmiliki wa kwanza. Hapa kwetu hutokea vivyo hivyo: mgeni wa Diani hukodisha gari, huunganisha simu, kisha hurudi kwao akiacha majina na namba za ndugu zake kwenye skrini. Magari mengi mapya yana laini yake ya simu na huripoti kiwandani. Mei 2023 Toyota ilikiri kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 wa Japani, zikiwemo mahali magari yalipokuwa, zilikuwa wazi mtandaoni kwa takriban miaka 10. Septemba mwaka huo Mozilla ilikagua chapa 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofaulu mtihani wa faragha.

Kwetu kinachonisumbua zaidi ni kifaa cha kufuatilia gari kinachofungwa na mkopeshaji au mwajiri. Kinajua unalala wapi, unaswali wapi, hospitali gani unakwenda. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa nini kinakusanywa, kwa sababu gani na nani anapewa. Ukinyimwa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Na unaponunua gari la mkononi, kumbuka kwamba kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri, hakumwondoi mmiliki wa zamani kwenye programu ya simu ya gari hilo. Kwa baadhi ya magari bado anaweza kuona ulipoegesha, hata kufungua milango. Kabla hujalipa salio, mwambie aifute akaunti yake mbele yako, kisha skrini irudishwe kama ilivyotoka kiwandani.