Kasuku Mgonjwa Hatibiwi kwa Kibakuli cha Maji

Maji ya manjano kwenye kibakuli cha kasuku huniambia nusu ya habari kabla mwenye ndege hajaketi. Ni unga wa oksitetrasaiklini, ule wa pakiti unaopatikana karibu kila duka la dawa za mifugo, umekorogwa kwenye maji ya kunywa. Ndege mwenyewe amejikunyata sakafuni mwa tundu, manyoya yamemtutumka, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Kibakuli kimejaa pomoni. Dozi yote bado imo humo.

Mtindo huu umetoka kwenye mabanda ya kuku. Mfugaji mwenye kuku mia tano hawezi kumshika mmoja mmoja, hivyo hupiga hesabu ya kundi zima kwa lita za maji, na kwa kundi hesabu hiyo inakubalika. Kasuku mmoja sebuleni si kundi. Ndege mgonjwa hunywa kidogo kuliko kawaida yake, na maji yakiwa machungu hata hicho kidogo hukisusia. Wale kasuku wadogo wa kijani na buluu, asili yao Australia, wametokea nchi kame na hawanywi maji mengi hata wakiwa wazima.

Maji nayo yana mambo yake. Visima vingi vya pwani, Unguja na Mombasa mathalani, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba kalsiamu nyingi. Kalsiamu hushikamana na dawa za jamii ya tetrasaiklini, na dawa iliyoshikwa hivyo hupita tumboni bila kuingia damuni vya kutosha. Mfupa wa ngisi mnaomtundikia ndege anoe mdomo nao una kalsiamu hiyohiyo. Ndege akiandikiwa dawa za jamii hii, mwulize daktari kama uuondoe kwa muda.

Kwa hiyo matibabu huanzia kwenye mizani. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na gramu 400 hadi 500, kasuku wadogo 30 hadi 40 tu. Kidonge cha mtu mzima kimepimiwa mwili wa kilo 60 hivi, uzito wa kasuku wadogo zaidi ya 1,500. Ukikivunja robo, kisha robo ya robo, bado hujamkaribia. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hali imekuwa mbaya. Kwa ndege wa gramu 35 hizo ni gramu 3.5, pungufu ya sukari inayojaa kijiko cha chai, na jicho halitaziona chini ya manyoya yaliyotutumka.

Dawa yenyewe iwe ya ndege, au iliyoidhinishwa na daktari anayewajua ndege. Mwaka 2004 watafiti walieleza kilichokuwa kikiwamaliza tai mzoga nchini Pakistani: diklofenaki, dawa ileile ya maumivu ambayo watu hununua kwa ajili ya mgongo na magoti. Ng'ombe walitibiwa nayo, wakafa, tai wakala mizoga yao, figo zikagoma, na madaktari wakakuta viungo vya ndani vimefunikwa na unga mweupe wa asidi ya yuriki. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Ndege wa jamii mbalimbali hawalingani katika kuihimili, lakini wewe nyumbani huna namna ya kumjaribu wako. Vivyo hivyo penisilini iliyochanganywa na prokaini: ng'ombe huchomwa bila shida, ilhali ndege wadogo inaweza kuwaua.

Sasa njia. Mchungulie ndege kinywani utaona, nyuma kidogo ya ulimi, kitobo kinachofunguka na kufumba. Huo ndio mlango wa njia ya hewa, na ndege hana kile kifuniko ambacho kwetu huuziba tunapomeza. Dawa ikimiminwa katikati ya ulimi kwa pupa huishia mapafuni. Umio, yaani njia ya chakula, hushuka upande wa kulia wa shingo kuelekea kwenye gole. Ndiyo maana bomba la sindano, lililotolewa sindano yake, huingizwa upande wa kushoto wa mdomo wa ndege na kuelekezwa kulia, juu ya ulimi.

Kumshika ni kazi ya mtu wa pili. Mfunike kwa taulo dogo, kidole gumba na cha kati vikae pande mbili za taya, kichwa kiwe juu na mwili wima. Kifua usikibane hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua. Hupumua kwa kidari kutanuka na kurudi. Ukikizuia kidari umemziba pumzi, hata kama pua na mdomo viko wazi. Andaa dawa kabla ya kumshika, ili asikae mkononi akihangaika wakati unatafuta chupa.

Tumia bomba la mililita 1. Kama ulilonalo ni la insulini, soma alama zake kwa makini: zimeandikwa kwa yuniti, na yuniti 100 ndizo mililita 1, hivyo mililita 0.1 iko kwenye alama ya 10. Toa tone, ngoja ulimi utembee na ameze, ndipo utoe jingine. Dawa ikimtokea puani au akianza kukoroma, acha papo hapo na umwinamishe kichwa ili imwagike. Akitema sehemu, usikisie na kumwongezea, mpigie daktari.

Wafugaji wa njiwa wana jaribu lao. Njiwa anapoota utando mzito wa manjano kooni, ugonjwa unaoletwa na kimelea aitwaye Trichomonas, vijana wengi huubandua kwa kijiti ili aweze kula. Chini ya utando huo kuna nyama mbichi yenye mishipa, na ndege anaweza kuvuja damu hadi afe. Uache. Dawa sahihi ikimuua kimelea, utando hulegea wenyewe.

Ndege akichangamka, kamilisha siku ulizoandikiwa. Homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria Chlamydia psittaci, mara nyingi hutibiwa kwa siku 45, na ndege huanza kuimba mapema zaidi ya hapo huku bado akitoa vijidudu kwenye kinyesi. Vumbi la kinyesi hicho likivutwa na mtu humletea homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Lowesha sakafu ya tundu kabla ya kuisafisha, vaa barakoa, na ukiugua mwambie daktari wako kwamba unafuga ndege. Bila hivyo huenda akahangaika na malaria peke yake.

Na kuna wakati wa kutompa chochote. Ndege asiyeweza kusimamisha kichwa, au anayehema mdomo wazi, hawezi kumeza salama. Usimpe maji, asali wala dawa. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa na kitambaa chini, penye joto la nyuzi 28 hadi 30, mbali na feni, umpeleke kwa daktari. Chukua na karatasi ya uzito wake na picha ya kinyesi cha asubuhi. Hivyo viwili vitamsaidia daktari kuliko orodha ndefu ya dawa ulizokwisha kujaribu.