Saa ya Mkononi Huonyesha Msongo, Haiuponyi

Wewe msomaji wa Ganjoni uvukaye Likoni, bila shaka wakumbuka Septemba 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri. Wapiga mbizi, wakiwemo wa Jeshi la Wanamaji, walitafuta karibu wiki mbili hadi lilipoopolewa Oktoba 11. Kazi kama hiyo huelemea mwili na akili, lakini mpiga mbizi au mzimamoto hasemi upesi kwamba amechoka.

Siku hizi kuna saa za mkononi zinazoweza kumsaidia. Mwanga wake hupenya ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo. Moyo uliotulia haupigi sawasawa. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo. Msongo wa mawazo ukizidi, mabadiliko hayo hupungua.

Hata hivyo, joto na kahawa pia huuharakisha moyo. Kwa hivyo mtu apimwe akiwa amepumzika, alinganishwe na kawaida yake, si ya mwenzake.

Je, huna saa hiyo? Kabla ya kutoka kitandani asubuhi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Mtu mzima huwa na mapigo 60 hadi 100. Yakipita kawaida yako siku kadhaa na usingizi ukipotea, muone daktari.