Maji ya Ubongo na Nuru ya Macho

Anayeingiwa na kiza machoni kila anapoinuka kutoka sijida hukimbilia miwani. Miwani haina kosa. Lakini kiza hicho kikiandamana na kichwa kinachogonga alfajiri, na uvumi wa masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, basi ugonjwa huenda uko nyuma ya jicho, kwenye maji ya ubongo.

Mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, ilhali mtu mzima huwa nayo kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja; yanayozidi hurudi kwenye damu. Njia ikiziba, shinikizo hupanda. Neva ya jicho nayo imevikwa ala iliyoungana na utando wa ubongo, na maji yamo humo humo, kwa hiyo shinikizo la kichwani huifuata neva hadi mwisho wake na kuikaba.

Kwa watu wazima wasio na uvimbe wala kizuizi kinachoonekana, wengi wao wanawake vijana wenye uzito mkubwa, tiba huanza na kupunguza uzito na vidonge vya asetazolamidi. Uoni ukizidi kufifia, ndipo kisu. Daktari wa macho Louis de Wecker aliipasua ala ya neva mwaka 1872 ili maji yapate pa kutokea, na upasuaji wa aina hiyo ungalipo. Njia nyingine ni shanti, mrija unaoshusha maji kutoka kichwani hadi tumboni.

Unguja, habari hii ni ya watoto zaidi. Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembeni mwa Mji Mkongwe, ina taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa juhudi za wakfu wa NED wa daktari Mhispania José Piquer. Huko hufanyiwa upasuaji watoto wenye kichwa maji, yaani maji ya ubongo yaliyojaa kichwani. Fuvu la mtoto mchanga hutanuka, hivyo neva yake mara nyingi haivimbi kama ya mkubwa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Macho yake huelekea chini, weupe ukibaki juu. Madaktari huiita dalili ya jua linalozama.

Shanti huokoa, ila huziba na huingia vijidudu, na kutoka kijijini Makunduchi hadi hospitali ya mjini si karibu usiku wa manane. Shida kama hiyo ndiyo iliyomfanya daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf, huko Mbale, Uganda, atoboe njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa endoskopu na kuunguza tishu zinazoyatengeneza. Utafiti wa watoto 100 uliofanywa huko na kuchapishwa 2017 haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya njia hiyo na shanti baada ya mwaka. Binafsi naona hiyo ni habari njema: njia isiyoacha mrija mwilini inawafaa wanaoishi mbali.

Hakuna upasuaji unaofufua neva iliyokwisha kufa. Utosi wa mwanao ukituna, kichwa kikikua haraka au macho yakielekea chini, mpeleke hospitali leo.