Nilisusa Kanisa, Kanisa Halikunisusa

Kwa miaka mitano mimi nilikuwa yule mume anayebaki nyumbani Jumapili. Saa kumi na mbili asubuhi waifu anapiga pasi gauni lake, mimi najifunika shuka. Anatoka, anateremka taratibu kati ya mawe ya mlimani kwetu hapa Mkuyuni hadi barabara kubwa, mimi nabaki na chai yangu nikisubiri mpira wa Uingereza. Akirudi haniulizi kitu. Ananiwekea chakula, tunakula kimya. Nyumba yetu haikuwa na ugomvi. Ilikuwa na ukimya, na nyie wenye ndoa mnajua kipi kibaya zaidi.

Usidhani nilikuwa sijui dini. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na ndoa yetu ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo kabla ya kufungwa. Kilichonitoa ni msiba.

KADI YA ZAKA

Mzee wangu alifariki mwaka 2014, huko nyumbani, mji mwingine kabisa. Enzi zake alikuwa mwanakwaya, tena wa sauti ya nne. Lakini miaka miwili ya mwisho alikuwa wa kitandani, na kadi yake ya zaka haikujazwa. Tulipokwenda kuomba ibada ya mazishi tukaulizwa kadi. Ikabidi tuchangishane pale pale, waombolezaji wanatutazama, pesa ikalipwa, ndipo mambo yakaenda. Nilimzika baba yangu huku natetemeka kwa hasira. Nikajiambia basi, imetosha, nitasali mwenyewe chumbani.

Hoja nilikuwa nazo nyingi. Mungu yuko kila mahali. Mahubiri yapo redioni, yapo kwenye simu. Michango haiishi: leo ujenzi, kesho harambee ya vyombo vya muziki. Na wale wanaokaa viti vya mbele ndio wanaoongoza kwa umbea mtaani. Najua wasomaji wengi wa umri wangu, mlio makazini, mmewahi kusema hivyo hivyo. Na sikatai, mengine ni ya kweli.

USIKU WA BUSISI

Agosti 2019 nilikuwa Geita kikazi. Wakati huo hakukuwa na daraja la Kigongo–Busisi, lile la takriban kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Ukitoka Geita kuja Mwanza kwa njia ile, unasubiri kivuko.

Jumamosi saa tano usiku waifu akanipigia. Mimba ya miezi sita, damu inatoka, yuko peke yake. Nikaanza kuwapigia washikaji zangu wa Mwanza, wale tunaokaa wote kila wikiendi. Wa kwanza simu imezimwa. Wa pili hakupokea. Wa tatu alikuwa harusini Magu. Siwalaumu, nani anangojea simu saa hizo?

Kumbe waifu alishampigia mwenyekiti wa jumuiya yake, mama mmoja anayeuza sato na dagaa sokoni. Mama yule hana gari. Aligonga mlango wa kijana mwenye bajaji, akawaamsha kina mama wengine wawili, wakapanda kwetu na tochi. Bajaji haifiki mlimani, kwa hiyo walimbeba mke wangu ndani ya blanketi, wakateremka naye yale mawe gizani.

Mimi nilifika Busisi usiku sana, nikavuka alfajiri. Saa mbili asubuhi ndipo nikaingia wodini. Mtoto wetu hakuishi. Waifu alikuwa amelala, mkono wake umeshikwa na yule mama, ambaye khanga yake ilikuwa bado inanuka samaki wa jana. Akaniamkia Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Hakunihubiria. Akasimama, akaniambia, "Kaa hapa nilipokaa mimi. Naenda kutafuta uji."

Nikakumbuka kwamba ni Jumapili. Nikamwuliza, "Mama, leo hamkwenda kanisani kwa ajili yetu?"

Akanishangaa kweli kweli. "Baba, sasa hapa tuko wapi?"

Ofisini walinipa pole na ruhusa ya siku mbili. Jumuiya walikuja na jembe na sufuria. Walimzika mwanangu kwa nyimbo, mtoto ambaye watu wengi wangesema hata hajafika duniani. Walipika, walifua, wakalala kwetu siku tatu. Hakuna aliyeniuliza kadi.

KANISA NI JENGO?

Baada ya hapo nikaanza kudadisi. Neno letu kanisa limetoka kwenye Kiarabu, na shina lake katika lugha za kale za Mashariki ya Kati lina maana ya kukusanya, kukusanyika. Neno la Kigiriki la Agano Jipya, ekklesia, lilikuwa la mkutano wa watu walioitwa. Hakuna hata moja lililoanza kwa kumaanisha matofali. Wakristo wa karne mbili za kwanza walikutana zaidi majumbani, wakila pamoja na kusaidia wajane wao. Mtume Paulo alipotaka kueleza kanisa hakutaja mnara wala mimbari. Alitaja mwili: kidole kikiumia, mwili mzima unajua.

Hata huku kwetu Ziwani ndivyo ilivyokuwa. Bukumbi, si mbali na pale Kigongo nilipovukia, ndipo Mapadri Weupe walipoanzisha misheni mwaka 1883. Walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882 pamoja na watoto waliowakomboa utumwani. Kwa hiyo misheni ile ilianza na watoto wasio na ndugu, waliohitaji mtu wa kuwaita wangu. Na mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, walikuwa wanarudi huko huko: watu wachache, mtaa mmoja, wanaojuana kwa majina. Walutheri nao wana jumuiya, walokole wengi wanasema seli. Jina lolote, kazi ni moja.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya na Uganda zilifunga nyumba za ibada kwa miezi kadhaa. Sisi Tanzania hatukufunga. Rafiki yangu wa Nairobi aliniambia ibada za kwenye simu zilimsaidia sana, ila kitu kimoja kilimtesa: akilia, hakuna anayejua. Simu itakupa mahubiri mazuri, lakini haitaona kwamba Jumapili hii hukuja.

JE, NIMESAHAU KADI?

Sijasahau. Nilirudi polepole, nikaanzia kwenye jumuiya. Siku ya tatu nikasimama, nikasimulia yaliyompata baba yangu. Nilidhani watanikemea. Mzee mmoja akasema na kwao yalitokea. Mama mwingine akasema yeye ana kaka mgonjwa na anaogopa hayo hayo. Tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi 1,000 kwa mwezi, ili mwenzetu akiugua kadi yake isilale. Mhasibu wa mfuko huo ni mimi.

Hapo nikajifunza jambo. Miaka mitano nililalamikia kanisa kutoka kitandani, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyenufaika na hasira zangu.

KWA NYIE MLIO WAWILI

Kama mwenzi wako haendi kanisani, usimburute wala usimsimange. Mwulize nini kilimuumiza, kisha usikilize hadi mwisho. Waifu aliniuliza swali hilo baada ya msiba wetu, na usiku ule tuliongea kuliko miaka yote mitano.

Msiwe waumini wa harusi tu, kwamba mnaonekana wakati wa tangazo na baada ya picha mnapotea. Ndoa haiishii ukumbini. Siku ya shida mtahitaji watu wanaowajua.

Kama kila mmoja ana dhehebu lake, zungumzeni mapema, hasa kuhusu watoto, badala ya kusubiri siku ya ubatizo.

Na kama uko mahali ambapo kwa jina la Mungu unanyanyaswa, unatishwa au mshahara wako unanyang'anywa, ondoka. Tafuta kwingine. Ila usiondoke kwenda peke yako, maana upweke nao haukulindi.

Siku hizi Jumapili pasi yetu inanyoosha nguo mbili. Sisemi nimekuwa mtakatifu, kuna wiki uvivu unanishinda, lakini sasa waifu ananivuta shuka na tunacheka. Mwezi uliopita, saa saba usiku, simu yangu ililia. Jirani yetu wa juu, mkewe kashikwa uchungu, hajui pa kuanzia. Nikavaa viatu, nikachukua tochi na blanketi.

Wewe je, ikifika saa saba usiku, utampigia nani? Na nani anaweza kukupigia wewe?